Jicho Lililopigwa Plasta

Fundi huyu aliitwa Timazi, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuwa na timazi. Ule uzi wenye chuma kizito mwishoni, ambao mafundi wenzake huuning'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima, yeye aliuona ni kitu cha watu wasiojiamini. Yeye alirudi nyuma hatua chache, akafumba jicho la kushoto, akaukazia ukuta jicho la kulia, kisha akatoa hukumu: "Umesimama," au "Umelewa." Mara nyingi alikuwa sahihi. Zile mara chache ambazo hakuwa sahihi, ukuta ulipigwa plasta nene zaidi upande mmoja na mambo yakaisha.

Jicho la kushoto hakulihesabu kabisa. "Hili nimepewa la kulalia," aliwaambia watu, na aliposema hivyo alikuwa amelifumba.

Kuta zake zilisimama, hilo hata maadui zake walikubali. Ila zilipasuka. Haukupita mwaka plasta ikaanza kuchora mistari myembamba, ikitambaa kutoka kwenye kona ya dirisha kwenda kokote ilikotaka. Methali ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa watu wengine ni onyo. Kwa Timazi ilikuwa tangazo la biashara. Hata hivyo nyufa zile zilimuuma. Alijua mchanganyiko wake ni mzuri, alijua mwiko wake ni mwepesi, kwa hiyo alibaki na mtuhumiwa mmoja tu: mchanga. Muuza mchanga wa pale njia panda alitukanwa kwa miaka mingi, naye kila mara akajibu kwamba mchanga wake ni ule ule wanaoutumia mafundi wengine, wala kuta zao hazipasuki. Dua la kuku halimpati mwewe. Timazi alimjibu kwamba mchanga nao una ubaguzi.

Hata sebuleni kwake mwenyewe ulikuwepo ufa, ukishuka kutoka darini. Mkewe aliufunika kwa kalenda. Ufa ukarefuka, naye kila mwaka akalazimika kutafuta kalenda kubwa kuliko ya mwaka uliopita, mpaka ikawa wageni wakisifu ukubwa wa kalenda yao, mwenye nyumba anabadilisha mazungumzo.

Kazi yao ilikuwa ya kifamilia. Timazi alijenga na kupiga plasta. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikoroga na kupandisha karai. Mkewe alimwagilia. Plasta ikishakamata, ni lazima inyweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, vinginevyo inakauka kwa pupa na kupasuka. Timazi aliihesabu kazi hiyo kuwa nyepesi, ya kumwaga maji tu, na ndiyo sababu alimpa mkewe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alimpa na kopo lake, lililotobolewa matundu kwa msumari. Jioni alipokuwa ananawa mikono alimuuliza swali moja, siku zote lile lile.

"Ukuta umekunywa?"

"Umeshiba," alijibu mkewe.

Naye Timazi akaridhika, akala.

Siku ya mkosi walikuwa wamepewa kazi ya kupaka chokaa ukuta wa uwanja. Mwenye ukuta alitaka chokaa ya kizamani, ile inayoletwa ikiwa mabonge na kutumbukizwa ndani ya pipa la maji, ikachemka yenyewe bila moto. Shemeji alitumbukiza mabonge. Alikuwa na miwani ya kinga, nayo aliivaa kwenye paji la uso, mahali ambapo hapakuwa na hatari yoyote. Timazi hakuwa na miwani hata ya kuvaa kwenye paji. Alikwenda akainama juu ya pipa kuona kama chokaa imelainika, na kwa kuwa alikuwa anatazama kwa makini, alifumba jicho la kushoto.

Pipa likatema. Chokaa yote ya moto ikaingia kwenye jicho la kulia, na jicho la kulalia likabaki salama nyuma ya kope lake, likilala.

Shemeji, tumsifu kwa hilo, hakupoteza muda. Alimshika Timazi shingo, akamsukuma chini ya bomba, akamshikilia hapo huku maji yakimpiga usoni na Timazi akimtukana kila mtu aliyemfahamu. Muuguzi wa zahanati alipomwona alisema, "Maji ndiyo yaliyokuokoa. Bila maji hili jicho lingekuwa limekwisha leo." Timazi aliyashika maneno hayo kuliko dawa aliyopewa.

Jicho halikuisha, ila halikuona. Miezi ilipita, maumivu yakapungua, na pale palipokuwa na mboni pakawa peupe kama kioo cha dirisha kilichopakwa chokaa, na mishipa myekundu ikatambaa juu yake kama vile imepewa kiwanja. Timazi akarudi kazini kujaribu jicho la kushoto. Alirudi nyuma hatua zake, akaukazia ukuta jicho lile. Lilimwambia ukuta umesimama. Lakini ilikuwa kama kupewa habari na mtu ambaye hujawahi kumwamini. Huwezi kusema ni mwongo, ila hutoi senti yako. Akatupa mwiko, akaenda nyumbani.

Shemeji akaendelea na kazi peke yake. Alinunua timazi dukani, akaining'iniza, na kuta zake zikasimama vizuri sana. Hilo ndilo lililomuumiza Timazi kuliko chokaa. Alishinda sebuleni akiitazama kalenda kwa jicho asilolithamini. Kwake mwanamume asiyejenga ni mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, na alianza kuwa na adabu za mgeni: aliomba chumvi, alishukuru kwa chai. Mkewe akaogopa. Angeweza kuvumilia matusi, lakini shukrani zile zilimtia hofu, ndipo akaulizia mpaka akaambiwa kuna daktari wa macho katika hospitali kubwa anayetibu macho yaliyoungua.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alimkalisha Timazi mbele ya mashine, akamwekesha kidevu juu ya kibao, akamulika, akageuza, akaandika. Kisha akamuuliza anafanya kazi gani. Alipoambiwa, akafurahi, maana alikuwa na tabia ya kumweleza kila mgonjwa ugonjwa wake kwa lugha ya kazi yake. Dereva alielezwa kwa habari za kioo cha gari, fundi nguo kwa habari za bitana. Mara zote ilimsaidia. Fundi mwashi alikuwa hajawahi kumpata.

"Sikiliza, Fundi. Hiki kioo cha mbele ya jicho, tunachokiita konea, kina ngozi nyembamba juu yake. Ni kama plasta. Kila siku inachakaa, na kila siku inapigwa upya."

"Nani anaipiga?"

"Mbegu zake. Ziko hapa ukingoni, kwenye mstari ambapo weusi unakutana na weupe. Wataalamu tunaziita seli shina. Hao ndio mafundi wa jicho. Chokaa yako imewaua mafundi wote wa jicho la kulia, ndiyo maana hata nikikubandikia kioo kipya leo, kitachakaa tena. Hakuna wa kukipiga plasta."

"Sasa?"

"Mafundi wa jicho la kushoto wapo, wazima wote. Nitakata kipande kidogo sana pale ukingoni, mfano wa ncha ya kucha ya mtoto. Nitakikatakata. Upande wa kulia nitakwangua plasta mbovu yote. Nitatandika utando mwembamba, kama wavu wa kushikia plasta, halafu nitavigandisha vile vipande juu yake kwa gundi maalumu. Polepole vitatambaa, kila kimoja kikimtafuta mwenzake, mpaka viufunike ukuta mzima."

Timazi alikuwa amekaa wima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aumie kwa mtu kumweleza jambo lenye maana.

"Utando wa nini?"

"Wa kondo la nyuma. Kina mama wanaojifungua kwa upasuaji hutoa ridhaa, tunaupima na kuuhifadhi."

"Mtoto mwenyewe hatakuja kudai?"

"Hajawahi."

"Na mchanganyiko ni ngapi kwa ngapi?"

Daktari akacheka, akamwambia mchanganyiko amwachie yeye. Kisha akaacha kucheka. "Lakini ujue, Fundi, nafasi ni hii moja. Vipande vikibanduka, sitathubutu kukata jicho la kushoto mara ya pili. Ndilo pekee ulilobaki nalo. Nikiwamaliza mafundi wa huko, utabaki huna hata la kulalia."

Daktari alilijua neno hilo kwa sababu mke wa Timazi alikuwa amemwambia mapema.

"Kata," alisema Timazi. "Tangu lizaliwe halijafanya kazi. Na lenyewe lianze."

Upasuaji ulifanyika. Walimtia ganzi, akalala macho akisikia vyuma vikigongana kwenye sahani, na Daktari akimwambia kila hatua: sasa nakwangua, sasa natandika, sasa nagandisha. Timazi alijibu "Sawa" kwa kila hatua kama msimamizi wa ujenzi. Mwishoni jicho likafunikwa kwa lenzi laini, juu yake kinga ngumu ya plastiki iliyobandikwa kwa utepe. Wakati wa kuondoka Daktari aliwapa masharti. Matone ya dawa kwa saa zake. Asilisugue. Asilale kifudifudi. Vumbi lisimguse, moshi usimguse, na akinawa uso, maji yasiingie. "Na matone haya ya machozi usiyaache. Jicho lisikauke hata kidogo." Baada ya wiki moja warudi.

Mkewe aliyashika masharti yote. Timazi alishika moja, lile la jicho kutokauka.

Siku mbili alilala chali akitazama dari, akifikiri. Siku ya tatu alimwita mkewe.

"Wewe. Plasta ya jicho imepigwa lini?"

"Juzi tu hapo, unajua mwenyewe."

"Basi imekamata. Leo inaanza kunyweshwa."

Mkewe alikuwa anapanga chupa za dawa dirishani. Akaacha. "Daktari kasema maji yasiingie."

"Kasema hivyo kwa watu wasiojua plasta. Mimi wateja wangu nawaambiaje? Si nawaambia ukuta usiguswe? Kwani hapo namaanisha usimwagiliwe? Mteja haigusi kazi, lakini fundi anamwagilia."

"Fundi ni yeye, wewe ndiye mteja."

"Si amesema lisikauke? Amesema hakusema?"

"Amesema. Ndiyo maana ya haya matone."

"Matone! Ukuta mzima unanyweshwa kwa matone? Yule muuguzi wa kwanza alisema nini? Maji ndiyo yaliyoniokoa. Hebu usinibishie, mke wangu. Miaka yote hii nimekosea lini habari ya maji?"

Mkewe akamtazama. Kisha akasema, "Sawa," kwa sauti ile ile aliyoisemea "sawa" tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Timazi hakuwa mtu wa ovyo. Aliagiza maji yachemshwe na kupozwa, na kopo lisiwe lile la matundu bali jipya. Alilala chali juu ya mkeka, taulo chini ya kichwa, beseni kando ya sikio. Mkewe akapiga magoti. Timazi alisikia vidole vyake vikishika utepe wa kinga, akasikia maji yakimiminika, mengi, yakamwagika kwenye beseni kwa kishindo. Yalimpitia kwenye paji la uso, shavuni, yakamwingia sikioni. Jichoni hakuhisi kitu, lakini hilo halikumshangaza. Tangu liungue, jicho lile lilikuwa limekufa ganzi, hata matone ya dawa hakuyasikia vizuri.

"Limekunywa?" aliuliza.

"Limeshiba."

Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Shemeji alipokuja kumjulia hali, alikuta mlinganisho wa jicho na ukuta umeshakuwa elimu kamili. Timazi alimweleza mambo ya wavu, gundi na mafundi wanaotambaa. Shemeji alisikiliza, akauliza swali moja: sasa ikiwa ngozi ya jicho la kulia imetoka jicho la kushoto, akija kupima ukuta atafumba lipi? Timazi alisema swali hilo ni la kipumbavu. Usiku hakulala vizuri.

Wiki ilipokwisha wakarudi hospitali. Waliketi kwenye benchi refu la korido pamoja na watu wengine wenye kinga za plastiki, na Timazi akawatazama kwa huruma, maana alijua wao hawakuwa na mtu wa kuwamwagilia. Walipoitwa, aliingia kifua mbele.

"Karibu, Fundi. Plasta inaendeleaje?" aliuliza Daktari, akianza kubandua utepe.

"Vizuri sana. Tunaimwagilia."

Mkono wa Daktari ukasimama.

"Mnaimwagilia nini?"

"Maji. Ya kuchemsha, Daktari, usiwe na wasiwasi. Sisi si washenzi. Kopo zima asubuhi, kopo zima jioni."

Daktari aliuachia utepe. Alikaa chini. Ilionekana anajaribu kukumbuka ni wapi hasa aliposema vibaya, na ilionekana ameshapakumbuka. Kisha akamalizia kubandua utepe kimya kimya, akamsogezea Timazi kibao cha kuwekea kidevu, na mwanga ukawaka.

Ukimya wa daktari ni kitu kibaya. Timazi alizoea kutoa hukumu juu ya kuta, na sasa alikuwa ukuta. Alisikia pumzi za yule mwanamke upande wa pili wa mashine, hazikusema "umesimama" wala "umelewa." Ndipo hofu ikamshika, hofu ya kweli. Aliona kopo. Aliona kila kopo. Aliona vipande vile vidogo, vilivyotoka kwenye jicho alilolidharau maisha yake yote, vikielea kwenye beseni na kumwagwa nje na maji machafu, naye ndiye aliyeagiza. Alitaka kuomba msamaha lakini hakujua amwombe nani. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga kwa mkono wa mkewe.

"Vipo," alisema Daktari.

Akatazama tena, akabadilisha mwanga.

"Vyote vipo. Lenzi ipo mahali pake. Na vimeanza kutambaa, tena vizuri kuliko nilivyotarajia." Alitoa uso kwenye mashine. Hakuonekana mwenye furaha. Alionekana kama mtu aliyeletewa hesabu isiyokubali. "Fundi, una hakika mlimwagilia?"

"Mimi?" Hofu yote ikageuka ghadhabu. "Daktari, mimi kazi ya maji nimeisimamia tangu ujana! Kopo zima! Nililowa mpaka sikioni!"

"Hilo naliamini," alisema Daktari, akamgeukia mke wa Fundi.

Mke wa Timazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini. Alizungusha kamba ya mkoba kidoleni, akaizungusha tena.

"Halikuingia hata tone," alisema. "Kinga sikuwahi kuitoa, ila kwa dawa tu, na nilinawa mikono kama mlivyosema. Yale maji nilikuwa namwaga pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Kwenye beseni. Kidogo shavuni, ili asikie baridi."

Daktari aliweka mkono kinywani na kuutoa. "Mama," alisema, "umeokoa jicho la mumeo." Alisema na maneno mengine mazuri ya aina hiyo, na kwamba tangu leo mafundi hatawaeleza kwa habari za plasta. Timazi hakuyasikia. Kidevu chake kilikuwa bado juu ya kibao, na ndani ya kichwa chake kulikuwa na kitu kikitambaa polepole, kikimtafuta mwenzake.

"Na kuta?" aliuliza.

"Kuta zipi, Fundi?" aliuliza Daktari.

"Sikuulizi wewe, Daktari. Samahani." Hakugeuza kichwa. "Kuta zangu."

Mkewe alimtazama Daktari, kama vile huenda kuna dawa ya swali hilo. Haikuwepo.

Walitoka hospitali. Walivuka barabara. Timazi alikuwa ameshikwa mkono, kwa sababu ya jicho, na hakuweza kuuondoa mkono wake hata kama alitaka. Walipofika kwenye kivuli cha kibanda cha kusubiria basi, akaanza.

"Shule ya msingi. Madarasa mawili."

"Nusu," alisema mkewe. "Lile la mbele nilimwagilia lote, mwalimu mkuu alikuwa anapita pita."

"Zahanati."

"Ile nilimwagilia vizuri. Bomba lilikuwa pale pale mlangoni."

Ni kweli, zahanati haikuwahi kupasuka. Timazi alikuwa akiitaja mara kwa mara kama ushahidi kwamba siku ile muuza mchanga aliteleza akampa mchanga mzuri.

"Nyumba ya mwenye duka la vipuri."

"Mvua ilinyesha."

"Mvua ilinyesha siku moja!"

"Basi siku hiyo ilikunywa."

La mwisho Timazi alilisema polepole, kwa sababu alishaanza kulijua.

"Sebule yetu."

"Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa mwisho," alisema mkewe. "Miguu imevimba. Na bomba lilikuwa kule chini ya kilima, unakumbuka, kabla hawajaliziba na kulihamishia mbali zaidi. Ndoo mbili kwa safari, kupanda. Nilipanda siku ya kwanza. Siku ya pili nilikaa katikati ya njia nikalia, nikanywa maji ya ukuta, nikarudi. Uliniuliza kama umekunywa."

"Ukasema umeshiba."

"Nilikuwa nimeshiba mimi."

Timazi alitafuta neno la ukali. Alikuwa nayo mengi, mengine mapya kabisa, aliyokuwa amemwandalia muuza mchanga. Hakuna hata moja lililokaa vizuri. Alikumbuka kile kilima, na kwamba kwa miaka yote alikiona kutoka juu tu, akiwa amesimama kando ya ukuta wake, jicho moja limefumbwa. Aliona aibu. Basi lilipokuja alimwambia mkewe atangulie kukaa, na yeye akasimama.

Jicho lilipona taratibu. Weupe ulijikunja kutoka pembeni kuelekea ndani, kama wingu lisilo na haraka, na asubuhi moja Timazi aliliona dirisha, halafu vyuma vya dirisha, halafu chupa za dawa zilizopangwa juu yake. Daktari alisema limebaki kovu dogo kwa ndani, na huenda siku moja akahitaji kubadilishiwa kioo chenyewe, lakini sasa kikibadilishwa kitadumu, maana mafundi wapo. Timazi aliuliza kama ni mafundi wa kushoto au wa kulia. Daktari akasema sasa ni wa kulia, wameshahamia.

Kitu cha kwanza alichokifanya alipopata ruhusa ya kurudi kwenye vumbi, akiwa amevaa miwani ya kinga, tena machoni, ni kwenda njia panda kwa muuza mchanga.

"Mchanga wako ni mzuri," alimwambia.

Muuza mchanga alimtazama kwa mashaka. "Nilikuambia."

"Lini?"

"Kila mwaka."

"Nami nakuambia mwaka huu. Nataka toroli moja."

Alikuwa ameamua kupiga upya ukuta wa sebule. Kalenda ilishushwa, plasta ya zamani ikabanduliwa yote mpaka kwenye tofali, na ufa ukaondoka nayo. Shemeji alikuja kukoroga, akaleta na timazi yake ndani ya mfuko, akaiweka mezani. Timazi aliitazama. Kisha akarudi nyuma hatua zake, akafumba jicho la kushoto, akalifumbua, akafumba la kulia, akalifumbua. Mwisho akatazama kwa yote mawili, akaomba apewe ule uzi. Ukuta ulikuwa umesimama.

Plasta ilipokamata, mkewe alikwenda kuchukua lile kopo la matundu. Timazi akampokonya.

"Kaa," alimwambia. "Huu namwagilia mwenyewe."

Akachukua ndoo mbili. Bomba siku hizi lilikuwa mbali zaidi, baada ya nyumba ya mwisho chini ya kilima, na lilitoa maji membamba kama uzi. Alikwenda, akangoja, akajaza, akapanda. Alifika juu akiwa hana sauti. Alinywesha ukuta kwa kopo, kwa uangalifu mkubwa, kutoka chini, na maji yakaisha yakiwa yamefika kiunoni. Plasta ya juu ilikuwa inamtazama, kavu, inakauka kwa pupa. Alitoka nje, akakitazama kilima kwa macho yote mawili. Akakaa juu ya ndoo.

Mkewe alikuwa mlangoni, akichambua maharage kwenye sinia. Alimwacha apumzike kwanza, kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Ukuta umekunywa?"

Timazi alipangusa jasho, akijihadhari lisiingie jichoni.

"Umeshiba," alisema.

Mkewe aliingia ndani. Akaupapasa ukuta kuanzia kiunoni kwenda juu, akajipangusa vumbi mkononi, akaanza kutafuta alipoiweka kalenda.